Hadithi ya Mtoto Hupimwa kwa Sauti: Mwongozo kwa Mwandishi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi huketi watoto saba au wanane juu ya mkeka, barazani kwangu hapa Moshi, nami huwasomea hadithi ambazo bado hazijachapishwa popote. Baadhi ni zangu, na nyingine ni za waandishi wenzangu walioniamini na miswada yao. Kazi hiyo ya mkekani imenifunza uandishi wa watoto kuliko semina zote nilizohudhuria, na yale ninayoyaeleza hapa yametoka huko. Mwandishi anayetaka hadithi zake ziwe bora hana budi kuzisoma kwa sauti mbele ya watoto wenyewe, aone ni wapi wanamwacha, kisha arudi mezani kwake aandike upya mahali palepale.

Kusoma mbele ya watoto

Andaa mswada wako kwenye karatasi zenye nafasi pana pembeni, na uwe na penseli mkononi. Usiwaambie watoto kwamba hadithi ni yako. Watoto wetu wamelelewa kumheshimu mkubwa, na mtoto aliyekuamkia shikamoo mlangoni hawezi kukwambia usoni kwamba hadithi yako imemchosha. Kwa sababu hiyohiyo usimwulize kama ameipenda, kwani atajibu kuwa ameipenda sana, na jibu hilo halitakusaidia lolote. Tazama mwili wake badala ya kusubiri maneno yake. Mtoto anayesikiliza hutulia tuli, na mara nyingine husogea mbele bila kujua. Aliyekwisha kukuacha huanza kuchomoa nyuzi za mkeka, kumfinya jirani yake, au kufuata kwa macho kila bodaboda inayopita. Kila unapoliona hilo, weka alama ndogo pembeni ya mstari uliokuwa unausoma, bila kusimama. Weka alama nyingine, ya umbo tofauti, kila mahali ambapo ulimi wako mwenyewe umebadilisha neno bila wewe kukusudia. Ulimi haukubali kutamka sentensi isiyosemeka, na marekebisho unayoyafanya kwa bahati wakati wa kusoma mara nyingi ni bora kuliko yale unayoyatafuta kwa saa nzima mezani.

Wiki inayofuata usiisome tena hadithi ile, bali waombe watoto wakusimulie wao. Sehemu ambayo wote wameisahau, yaelekea haikuhitajika. Sehemu waliyoiongeza inastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Niliwahi kuandika kisa cha mvulana aliyepotea katika Soko la Mbuyuni, na kiliporudi kwangu kupitia vinywa vya watoto kilikuwa na mama muuza dagaa ambaye mimi sikumwandika kabisa; watoto watatu walimtaja, kila mmoja kwa namna yake. Nilielewa kwamba walikuwa wakimtafuta mtu mzima wa kuaminika pale sokoni, nami nilikuwa nimewaacha peke yao na mvulana yule kwa kurasa nne. Mama muuza dagaa sasa yumo katika hadithi.

Kipindi kizuri kuliko vyote kwa kazi hii ni Desemba, shule zinapofungwa na familia za Wachaga zinaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na mikoa mingine kwa ajili ya Krismasi. Hapo mkekani watakaa pamoja mtoto wa Kibosho anayejua mfongo ni nini, kwa kuwa kila wiki huona maji yakipita katikati ya migomba ya babu yake, na binamu yake wa mjini ambaye hajawahi kuuona. Hadithi inayomshika mmoja na kumpoteza mwingine haijakamilika. Dawa yake, hata hivyo, si kuongeza maelezo ya kamusi katikati ya kisa. Andika kwamba Aika alilala kifudifudi akatumbukiza mkono katika maji ya mfongo, akaondoa majani yaliyoziba njia, na maji yakaanza kutiririka kuelekea shambani kwa bibi; mtoto wa mjini amekwisha kuelewa kwamba mfongo ni mfereji wa maji ya kumwagilia, na hakuna aliyemkatizia hadithi ili kumfundisha.

Anayesikiliza na anayesoma

Baada ya wewe kusoma, mpe mswada mtoto asome mwenyewe, maana hilo ni jaribio jingine kabisa. Maandishi ya Kiswahili yana uaminifu mkubwa: herufi husomwa jinsi zilivyoandikwa, na mtoto aliyekwisha kuzishika irabu tano na silabi zake anaweza kutamka karibu neno lolote hata kama hajawahi kulisikia. Uaminifu huo ni neema kwa mwalimu wa darasa la kwanza, lakini kwa mwandishi ni mtego, kwa kuwa mtoto anaweza kuusoma ukurasa wako wote kwa sauti nzuri, bila kukwama, huku hajaelewa hata nusu yake. Kwa hiyo usiridhike na usomaji laini. Funga karatasi, kisha mwombe akwambie kwa maneno yake kilichotokea.

Ugumu wa Kiswahili kwa msomaji mchanga upo hasa katika kitenzi. Neno *hawakumkumbuka* lina herufi 14 na silabi saba, na ndani yake mmefungwa ukanushi, watendaji, wakati uliopita, mtendwa na kitendo chenyewe. Mtu mzima hulielewa kwa kulitupia jicho mara moja. Mtoto wa darasa la pili huenda silabi kwa silabi, na akifika mwisho amekwisha kusahau kwamba alianza na *ha-*, hivyo anaelewa kinyume chake, kwamba walimkumbuka. Nimeliona kosa hilo mara nyingi mno, na kila mara lilikuwa kosa langu mimi niliyeandika. Sisemi tuvikimbie vitenzi virefu, kwani bila hivyo hakuna Kiswahili. Ninachokifanya ni kuhakikisha kwamba katika hadithi za madarasa mawili ya kwanza hakuna sentensi yenye vitenzi virefu viwili, na kwamba ukanushi unaobeba kisa umepewa sentensi yake peke yake. Virejeshi navyo vihesabu. Ukiandika "mbuzi aliyemfukuza alipokuwa akitoka kisimani" umefunga mafundo mawili mfululizo. Yafungue: "Alitoka kisimani. Mbuzi akamwona. Mbuzi akamfukuza." Idadi ya maneno imebaki karibu ileile, ila sasa kila sentensi inaleta picha moja.

Angalia pia majina ya wahusika. Konsonanti zinazobanana, kama katika *mbwa*, *nywele* na *ng'ombe*, humchelewesha mtoto anayeanza. Si vizuri mhusika mkuu, ambaye jina lake litarudi mara 30, abebeshwe mbanano wa namna hiyo.

Masikio ya msimulizi wa jadi

Bibi zetu waliosimulia jikoni, mtori ukiwa motoni, walikuwa na mbinu ambazo wengi wetu tuliziacha tulipofundishwa insha. Ya kwanza ni *-ka-*. Msimulizi hufungua kwa *-li-*, kisha hushika *-ka-*: alitoka, akaenda, akakuta, akauliza. Kiambishi hicho kidogo kinamwambia msikilizaji kwamba jambo hili limefuata lile, na kwamba lingine linakuja. Ni kama kumshika mtoto mkono na kutembea naye. Mwandishi aliyezoea insha huandika "baada ya hapo alikwenda" na "ndipo alipouliza", na mkono wa mtoto unaachiwa kila anapoanza sentensi mpya. Zipo hata hivyo kanuni mbili ambazo sikio litakuthibitishia. Mnyororo wa *-ka-* unahitaji *-li-* au hali nyingine ya wakati ya kuuning'iniza, hivyo hadithi haifunguliwi kwa *-ka-* bila sababu. Tena, mnyororo ukizidi sentensi tano au sita unakuwa kama wimbo wa kubembeleza, na mtoto husikia mdundo bila kusikia maana. Hapo rudi kwenye *-li-*, au simamisha mwendo kwa maneno ya mhusika.

Ya pili ni tanakali za sauti. Giza ni totoro, kimya ni jii, mtu hulala fofofo, jiwe huingia majini chubwi na mtoto huanguka mchangani pu. Mkekani kwangu, watoto hurudia tanakali kabla sijamaliza sentensi, na hilo ndilo litakalotokea darasani mwalimu atakapokisoma kitabu. Ziwe chache, kila moja mahali pake. Ukurasa wenye tanakali nne hauna hata moja inayosikika.

Upatanisho wa kisarufi nitaugusa kwa ufupi, kwa kuwa mhariri mzuri atausahihisha. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai hata jina lake linapoanza na *ki-*: kiboko mkubwa amekasirika, kifaru yule amelala. Mtoto anajifunza lugha kutoka kwenye kitabu chako, na kosa lililochapishwa humwingia kama sheria.

Aya moja, mara mbili

Hii ni aya ya kwanza ya hadithi yangu kuhusu zamu ya maji, jinsi nilivyoiandika mwanzoni:

"Aika alikuwa ni msichana mwenye umri wa miaka minane aliyekuwa akiishi na bibi yake katika kijiji kilichopo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Siku moja bibi yake alimtuma aende kuangalia kama maji ya mfongo yamefika shambani, lakini Aika alihuzunika sana kwa sababu alitamani kucheza na wenzake."

Kisarufi aya hii haina dosari, na ndiyo maana nilichukua muda mrefu kuiona ilivyo. Mkekani ilipata alama yangu ya penseli katika sentensi ya kwanza. Baada ya kuiandika upya mara nne, ikawa hivi:

"'Aika, maji!' bibi aliita.

Aika alikuwa juu ya mparachichi. Kule chini wenzake walikuwa wakipanga timu za rede.

'Nakuja, bibi!'

Hakushuka.

'Aika, zamu yetu ni sasa! Jua likizama, maji yanakwenda kwa jirani!'

Aika akawatazama wenzake. Akalitazama jua. Akaruka, pu!"

Umri wake umeondoka, kwa kuwa mchoraji atauonyesha. Kijiji na mlima vimeondoka vilevile. Mparachichi na zamu ya maji vinatuambia tupo wapi. Neno *alihuzunika* ndilo nililolipigania zaidi kulibakiza, na ndilo ninalofurahi zaidi kulitoa, kwa sababu mtoto hapati huzuni kwa kuambiwa kwamba ipo. Anaipata pale Aika anapowatazama wenzake, kisha jua. "Hakushuka" ni ukanushi unaobeba kisa, nao umepewa mstari wake wote. Jua linalozama limefanya kazi ambayo aya ya kwanza haikuifanya kabisa: sasa msikilizaji anajua kuna muda, na muda unakwisha.

Fanya zoezi hili kwa ukurasa wa kwanza wa kila hadithi uliyonayo sandukuni. Tafuta tukio la kwanza ambalo mtu anataka kitu na kitu kingine kinamzuia, uanzie hapo, kisha utazame ni mangapi kati ya uliyoyaeleza mwanzo yamejionyesha yenyewe.

Kuirithi hadithi ya zamani

Wengi wetu huanza na ngano za nyumbani, na ni vyema, ila kuinakili ngano si kuiandika. Chukua kisa cha Kibo na Mawenzi, ambacho hapa uchagani hakuna asiyekijua. Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akisingizia kwamba wake umezimika. Akapewa, akarudi tena, akarudi tena, hadi Kibo akachoka na udanganyifu ule, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu hadi leo kilele cha Mawenzi, chenye mita 5,149, kimechongoka na kuvunjikavunjika, ilhali Kibo yenye mita 5,895 imetulia na theluji yake. Mifupa ya kisa imekamilika: kuna ombi linalorudiwa, kuna hasira inayopanda hatua kwa hatua, na kuna alama ambayo mtoto anaweza kuiona dirishani asubuhi mawingu yakifunguka.

Nilipowasimulia hivyo, mtoto mmoja aliuliza, "Nani alimfunga Mawenzi vidonda?" Sikuwa na jibu. Swali lile ndiko hadithi mpya inakoanzia, na ndilo nikushaurilo ulitafute katika kila ngano unayotaka kuiandika: nani yupo pembeni ya kisa ambaye wasimulizi hawakumgeukia? Pengine ni wingu linalokaa kila siku kati ya vilele viwili. Ngano yenyewe ni mali ya jamii nzima, haiwi yako kwa kuiandika. Kilicho chako ni maneno uliyoyachagua na jibu ulilolitoa kwa swali la mtoto.

Nawashauri pia wenzangu wasilazimike kuweka simba na tembo katika kila kitabu kwa kuwa tu tunaishi karibu na mbuga. Mtoto wa Ngarenaro au Pasua huishi na kunguru, konokono, kinyonga uani na ng'ombe wa kufungiwa anayekatiwa majani kila jioni. Mbega wa msitu wa Rau wanasubiri mwandishi.

Funzo na ndala

Hadithi yangu ya kwanza ilimalizika kwa aya nzima ya nasaha juu ya kuwatii wazazi. Niliisoma nikiwa na fahari, na nilipofika maneno "hivyo basi, watoto wapendwa", watoto walikuwa wameshaanza kutafuta ndala zao. Walijua hadithi imekwisha kabla mimi sijajua. Niliipeleka hivyohivyo kwa mchapishaji mmoja, naye akairudisha na mstari mwekundu juu ya aya ile. Niliumia sana wakati ule, lakini alikuwa sahihi.

Utamaduni wetu unataka hadithi ifunze, nami naukubali kwa moyo wote. Suala ni mahali funzo linapokaa. Aika akikawia na maji yakaenda kwa jirani, kisha yeye mwenyewe, bila kutumwa, akaenda kwa jirani yule jioni kuomba sehemu ya zamu, akapewa kwa masharti ya kusaidia kuzibua mfongo siku ya Jumamosi, siku ileile ya rede, basi uwajibikaji umo katika kila hatua aliyopiga. Jaribu hivi: kata aya ya mwisho ya mswada wako, uisome hadithi bila hiyo, halafu waulize watoto Aika amebadilika vipi. Wakijibu, aya hiyo haikuwa na kazi. Wasipojibu, tatizo lipo katikati ya hadithi, na aya ya nasaha isingeliponya.

Kuijenga kwa kurasa

Vitabu vya picha huchapishwa kwa kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kutoa kurasa kwa mafungu ya nane au 16. Kwa hiyo jitengenezee kitabu cha mfano. Karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi hukupa kurasa 16. Toa ukurasa wa jina na wa taarifa za uchapishaji, ubaki na 14 za hadithi. Andika kwa penseli sentensi zitakazokaa kila ukurasa, na uchore vijumba na vijiti kuonyesha picha, hata kama huwezi kuchora. Utaona mara moja ukurasa ambao hauna tukio, wala mchoraji hatakuwa na cha kuchora hapo. Utaona pia pale mtoto anapogeuza karatasi, na hapo ndipo swali linapotakiwa kusimama: mkono wa Aika umeingia majini upande huu wa karatasi, alichokigusa kipo upande wa pili.

Mwachie mchoraji kazi yake. Rangi ya gauni isitajwe mpaka rangi hiyo iwe na kazi katika kisa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 uliwanoa waandishi na wachoraji pia, na vitabu vilivyo bora katika fani hii vinaonyesha jinsi fani hizo mbili zinavyohitajiana. Ukitaka kuona hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango vya usomaji, tovuti ya African Storybook inazo nyingi na kuzisoma ni bure. Zisome kwa sauti, na usisahau penseli.

Mswada ukishapita mkekani mara tatu na alama za penseli zikapungua, uache wiki mbili, usome tena ukiwa peke yako, kisha uutume. Pamoja na mswada, tuma nakala ya kile kitabu cha mfano, ili mhariri aone ulivyogawa kurasa. Unaweza kuisajili kazi yako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na uifuatilie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo imekuwa ikipokea pia hadithi za watoto. Majibu ya wachapishaji huchukua miezi. Watoto wa Jumamosi hawatasubiri miezi hiyo, kwa hiyo wakifika saa nne uwe na kurasa za hadithi nyingine mkononi, hata kama ni mbili tu.